Ukingo Usiopaliliwa

Mnaouliza kwa nini huku Uporoto kila shamba la viazi lina ukingo usiopaliliwa, na kwa nini baba wenye mashamba hawaukanyagi, sikilizeni. Zamani mashamba yalilimwa hadi mwisho, na kiazimwitu, kichungu kama nyongo, kiling'olewa kila kilipochungulia. Kilibaki kichaka chake kimoja tu, pembeni mwa shamba la mzee Mwakifuna.

Miaka hiyo ukungu ulishuka mlimani, ukaacha madoa meusi kwenye majani, viazi vikaoza ardhini. Mwakifuna alibakiwa na kapu moja la mbegu. Likiharibika hilo, yeye na watu wake wangeuhama mlima.

Subilaga, mke wa mwanawe, hakuruhusiwa kukutana na baba mkwe wala kusema naye. Ndiyo heshima ya huko. Akimwona anakuja, alijificha kwenye kile kichaka, na mzee, kwa heshima ileile, hakukisogelea. Akiwa amechutama humo ndipo alipoona: shamba lote jeusi, kichaka kijani.

"Mwambie huyo binti ang'oe magugu yake," Mwakifuna alimwambia mkewe, kwa sauti ya kufika kichakani.

"Mama, mwambie baba magugu haya ndiyo pekee yasiyougua. Au macho anayo ya kunikwepea tu?"

"Anasema amesikia," mama mkwe akafikisha.

Subilaga hakung'oa. Kwa unyoya wa kuku alichukua vumbi la ua la kiazimwitu, akalipaka kwenye maua ya kiazi cha nyumbani. Yakazaa vitunda vya kijani, akapanda mbegu zake kichakani. Viazi vya kwanza havikuugua, ila hata mbwa alivitema. Akavichanganya tena na cha nyumbani, msimu baada ya msimu, akitupa vichungu na vinavyougua.

Misimu mitatu kapu la mzee, likipandwa, lilirudisha kapu moja tu; msimu wa nne likaoza lote. Mizigo ikafungwa. Ndipo Subilaga akampa mama mkwe chungu cha viazi vilivyochemshwa, ampelekee mzee. Mzee alimenya kimoja, akala, akamenya kingine.

"Mwulize amevitoa wapi."

"Mama, mwambie ni pale asipokanyaga."

Mizigo ikafunguliwa. Wazee wakakiita kiazi kile Mwakifuna, na jina hilo mtalisikia hadi sokoni. Lakini kuanzia msimu ule hadi huu tulio nao, siku ya kupanda, mwenye shamba husimama mbali na ukingo, akageuza uso, akangoja mke wa mwanawe atoke na kapu la mbegu.