Mteremko Nao Hudokoa

Hapana, si mama yako aliyeutunga msemo huo. Kakwambia "mteremko nao hudokoa" kwa sababu ulikuwa unamsingizia mwenzako, na yeye kausikia kwangu. Mimi sikuwepo, ila nyumba yenyewe naijua. Msemo huu ulianza hivi.

Kule kwetu mpunga tunaupanda ubavuni mwa mlima, unangoja mvua tu. Unapalilia huku kisigino cha mwenzako kiko usawa wa pua yako. Ndege wale, ngedere wale, kinachobaki ndicho chako. Sasa kulikuwa na mzee anaitwa Banzi. Mchapakazi, ila mkono wake ulikuwa mgumu kufunguka, Mungu amrehemu. Alikuwa anapima madebe matatu, anayafuta juu kwa kijiti, anamimina kwenye gunia dogo mpaka linabana, kisha analishona mwenyewe. Mpwa wake, Lukwele, mwanaume mzima mwenye mke, ndiye analibeba kichwani mpaka bondeni kwa mnunuzi.

Huyo mnunuzi hapimi. Anataka gunia limebana mdomoni. Likilegea, anasema jazia. Na kila safari, miaka minne mfululizo, jamani, gunia likifika chini limelegea, mkono unaingia mzima! Banzi, anayeshuka nyuma na kikapu cha akiba, anajazia pishi nzima. Mnunuzi anamnong'oneza, "Mzee, mwangalie huyo mbebaji wako."

Basi, neno likishaingia sikioni halitoki. Banzi akashona kwa uzi mwekundu. Uzi ukafika salama, gunia limelegea. Akawaza bambo, kile chuma cha kuchoma gunia na kuchota nafaka. Akapapasa gunia lote, hakuna tundu. Lakini mwenye shaka asipoona tundu husema mwizi huyu ni fundi.

Na jambo lenyewe halikuwa dogo. Kwetu shamba unapewa na mjomba. Mwaka huo Lukwele alikuwa akabidhiwe ngwe yake, kipande chake mwenyewe, aache kulima kwa kuomba. Banzi akaapa, "Nikimkamata, hata jiwe la kukalia hapati."

Siku ya kushuka, Lukwele akatangulia na gunia. Banzi akamfuata kwa mbali, anajificha kwenye migomba, mzee mzima! Dada yake Mwamvua, mama yake Lukwele, alikuwa amekisikia kile kiapo. Naye akajitwika debe la nyumbani, akawafuata wote wawili.

Kufika bondeni, Banzi akatumbukiza mkono. "Limelegea tena! Lukwele, umeuweka wapi?"

"Nimeweka nini, mjomba?"

"Mpunga! Pale mtoni umeinama, nimekuona."

"Nilikuwa nakaza kata ya kichwani. Shingo inaniuma."

Mnunuzi akacheka. "Damu yako hiyo, mzee. Jazia tu yaishe."

Lukwele akavua shati, akalikung'uta mbele ya watu. "Nipekue. Ngwe yako kaa nayo, lakini jina la mwizi silichukui."

Ndipo Mwamvua akatua debe. "Kaka, usimvue nguo mwanangu sokoni. Mimina."

Wakamimina, kijiti kinapita juu. Moja. Mbili. Tatu. Haikupungua hata konzi.

"Uchawi huu," Banzi akasema.

"Uchawi gani! Rudisheni kwenye gunia." Wakarudisha, likabana vizuri. "Lukwele, linyanyue ulibwage. Tena. Tena."

Ndi! Ndi! Ndi! Kama mtu anayeruka mawe ya njiani. Hata hajamaliza mara kumi, mdomo umelegea, mkono unaingia.

"Umeona? Mpunga ukitikiswa unalala," Mwamvua akasema. "Na mwanangu anashuka nao tangu asubuhi."

Banzi akautazama mlima. Kisha, "Kumbe mteremko nao hudokoa." Akamgeukia mnunuzi. "Na wewe ulikuwa unajua?"

"Mimi nanunua gunia lililobana, mzee. Ya milimani siyajui."

"Hujui! Na pishi zangu za miaka minne umekula na nani?"

Tangu hapo watu wa mlimani wakauza kwa debe, kijiti juu. Asiyetaka debe, arudi na magunia yake matupu.

Ile pishi ya kujazia aliyokuja nayo Banzi, Mwamvua akairudisha nyumbani, ikatwangwa, ikapikwa. Majirani wakaja. Lakini sinia lilipowekwa chini, Mwamvua akalifunika kwa ungo. "Hali mtu hapa mpaka kaka aseme."

Mzee akasimama, anakohoakohoa. "Lukwele mwanangu, nilikushuku wewe, kumbe mteremko nao hudokoa. Ngwe ni yako, na hawa wote wamesikia."

Lukwele akaukazia macho ungo, watu wakaanza kuogopa. Kisha akasema, "Sawa, mjomba. Ila mwakani gunia unabeba wewe."

Walicheka hao! Mzee akachukua birika, akamnawisha mpwa wake mikono kwanza, ungo ukafunuliwa, wakakaa wote wakala.