Somo ya Mtoto wa Mlamali

Sogeeni. Mwenye jibu alizuie mdomoni mpaka nimalize.

Vijana wanne wa Ngazija walikuwa katika kambi ya jeshi Ufaransa, zama zile ndege zilikuwa mbao, nguo na waya, bawa moja juu ya jingine. Mlamali alikuwa akijifunza urubani. Himidi alijaliwa jicho kali, Sudi akili ya haraka, na Mshangama, mshona mabawa, moyo usiotetemeka.

Asubuhi hiyo Mlamali aliruka peke yake kwa mara ya kwanza, barua ya mkewe ikiwa mfukoni: "Tumepata mtoto wa kiume. Tunangoja umpe jina."

Ndege ilipoiacha ardhi, kitu kilibingirika majanini.

"Sungura," alisema mwalimu.

"Si sungura, mwalimu. Ni gurudumu la kushoto." Himidi alikwenda moja kwa moja, akaliokota. Lau si yeye, hakuna ambaye angejua.

Watu wakapiga mayowe. "Ana injini masikioni, atatusikiaje?" Sudi aliwakemea. Akatandika shuka nyeupe katikati ya uwanja, akaliweka gurudumu juu yake. Lau si yeye, Mlamali asingejua.

Kule juu Mlamali aliliona, akaelewa. Akitua kama alivyofundishwa, ndege itapinduka iwake moto. Basi atue vipi? Mafuta yalikuwa yakiisha. Akaikumbuka ile barua, akaogopa kufa kuliko siku zote.

Ndipo Mshangama akasimama kando ya shuka, akanyoosha mikono kama mabawa, akalalia upande wa kulia, ule uliobaki na gurudumu. Ili mkono wake wa kulia uwe upande mmoja na wa rubani, aliipa ndege mgongo. Akaisikia tu ikija.

"Toka, utakufa!" watu walimpigia kelele.

"Nikitoka, atamfuata nani?"

Mlamali akalalia alikolalia mwenzake. Bawa likapita juu ya kichwa cha Mshangama, gurudumu la kulia likagusa nyasi, ndege ikazunguka na kuvunjika bawa. Mlamali akatoka mzima, akilia bila haya.

"Somo limekwisha," alisema mwalimu, akijifuta jasho.

"Hilo limekwisha," Mlamali alijibu. "Somo ya mwanangu, wa kumpa jina lake, ndiye bado."

Akawatazama wenzake. Kila mmoja alikohoa kidogo, akangoja. Meli ya barua ilikuwa ikiondoka kesho yake, na mtoto ni mmoja, jina moja.

Haya, ishike kalamu wewe. Ungeandika Himidi, Sudi, au Mshangama?