Ngisi Jitu na Magoti ya Daktari Urabe

Daktari Urabe Chinatsu alikuwa hatulii. Tangu meli ya utafiti itie nanga karibu na kisiwa cha Chichijima, alizunguka sitahani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Chai yake ilipoa kila mara kabla hajaimaliza, na hata alipokaa, goti lake lilitikisika mpaka meza nayo ikatikisika. Kilichomnyima raha ni ngisi. Si ngisi wa kuchoma akaliwa na wali, bali ngisi jitu, mwenye minyiri mirefu kama basi, anayeishi vilindini ambako jua halijawahi kufika. Mizoga yake ilikuwa imeokotwa ufukweni, laini kama sabuni iliyolowa. Vipande vyake vilikuwa vimetolewa matumboni mwa nyangumi. Lakini hakuna jicho la mtu lililokuwa limemwona akiwa hai kwake huko chini, na Chinatsu alikuwa ameapa kwamba jicho la kwanza litakuwa lake.

Kila asubuhi alishuka na nyambizi pamoja na rubani wake Oikawa, taa zote zikiwaka, mota zikivuma, akiamuru waende huku, warudi kule. Kila jioni alipanda mikono mitupu. Siku za meli zilikuwa zikiyoyoma, na taasisi ilikwisha kusema kwamba msimu ule ukipita bure, nyambizi itapelekwa kutafuta madini.

"Daktari, nikuambie ukweli?" Oikawa alisema siku moja akijifuta jasho. "Sisi tukishuka kule tunafanana na gari la zimamoto linaloingia kijijini. Mwenye nyumba gani atatoka kutukaribisha? Kuna mtu alishawahi kulisema hili."

"Usinitajie huyo mtu."

"Sijamtaja. Nimesema kuna mtu. Na anakaa hapo ng'ambo, ukitaka kumwona."

Chinatsu alimjua vizuri. Hamasaki Tokuji alikuwa mtafiti mwenzake. Miaka iliyopita, mbele ya ukumbi uliojaa wataalamu, Hamasaki alipendekeza wazime taa na mota, wakae gizani na taa hafifu nyekundu ambayo macho ya viumbe wa kilindini hayaioni, na watundike chambo cha vitaa vya buluu vinavyometameta kama kiwavi wa baharini, yule mnyama laini anayewaka anaposhambuliwa. Chinatsu alisimama akacheka. "Mwenzetu anataka tumtafute mnyama tukiwa tumefumba macho," alisema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Baada ya hapo hakuna aliyemfadhili Hamasaki tena. Alihamia kisiwani kwa wakwe zake, akawa mwalimu wa sekondari.

Chinatsu alienda kwake, lakini alienda na kiburi chake. Mlangoni aliinamisha kichwa tu, kama mtu anayemsalimia mlinzi wa geti. Aliyefungua alikuwa Yasue, mke wa Hamasaki.

"Bibi Hamasaki, nimekuja kuazima chambo cha mume wako. Ni kwa faida ya sayansi."

"Chai nitakupa," Yasue akajibu, "maana chai haina kosa. Lakini chambo muulize mwenyewe."

Hamasaki alikuwa sebuleni akisahihisha kazi za wanafunzi. Alimtazama mgeni, akarudisha macho kwenye karatasi. "Ulisema ni sayansi ya vipofu, Daktari. Wewe unaona. Unakitakia nini?"

Chinatsu alirudi melini uso umemwiva. Aliamua kwamba kama ni taa nyekundu tu, hata yeye anaweza. Wakazifunika taa zao kwa plastiki nyekundu, wakashuka. Lakini mtu na tabia yake ni kama ulimi na mate. Baada ya muda mfupi alimwamuru Oikawa asogee mbele kidogo, kisha kulia, kisha nyuma. Mota zikavuma, tope likatimka, na mchana ukapita kama ilivyopita mingine.

Usingizi ulimpaa. Aliyemjia kichwani hakuwa ngisi, bali Hamasaki siku ile ukumbini, akikusanya michoro yake polepole huku watu wakicheka, akidondosha mmoja na kurudi kuuokota. Kwa mara ya kwanza alijiuliza angejisikiaje kama angekuwa yeye.

Asubuhi alivuka tena kwa mashua. Wanafunzi walikuwa uani kwa mwalimu wao wakianika samaki, na majirani walikuwa wakipita. Chinatsu hakungoja waondoke. Alivua viatu, akapiga magoti kizingitini, akaweka viganja chini, akainama mpaka paji la uso likagusa mbao.

"Mwalimu Hamasaki," alisema bila kuinuka, "ulikuwa na hoja, na mimi sikukujibu kwa hoja. Niliwafanya watu wakucheke. Nilikuharibia kazi. Sikuja kuazima kitu leo. Nimekuja kuomba radhi, hata ukinifukuza."

Yasue alitoka, akamtazama yule mwanamke aliyejikunja mlangoni pake.

"Mume wangu alikaa msimu mzima hataki hata kuitazama bahari," alisema. "Unalijua hilo?"

"Sikulijua, mama. Nilipaswa kulijua."

Goti la Chinatsu lilitamani kutikisika, akalizuia. Hatimaye ilisikika sauti ya Hamasaki kutoka ndani. "Radhi yako niliingoja mpaka nikaacha kuingoja. Haya, inuka. Nitakuja na chambo. Ila huko chini hutatoa amri, hutagusa swichi, na hutakaa kwenye kile kiti chako cha mbele."

Walishuka watatu. Chambo kilining'inia chini ya nyambizi, nacho kilionekana kwa kidirisha kimoja tu, kile cha sakafuni, mvunguni mwa kiti. Kukitazama ilimbidi mtu alale kifudifudi, shingo ameikunja, pua kwenye chuma baridi. Hapo ndipo Hamasaki alipomwelekeza Daktari Urabe. Oikawa akazima mota, akazima taa. Ilibaki ile nyekundu hafifu, na chini yao vitaa vya buluu vikicheza.

Kwa mtu asiyetulia, kungoja kule kulikuwa kama kukalia siafu. Shingo ilimuuma, miguu ikafa ganzi, amri zikamjaa kinywani, akazimeza moja moja. Mara giza la chini likaanza kuwa na umbo. Mnyiri mmoja ulipita polepole kwenye kidirisha, halafu mwingine, halafu mwili mzima ukapinduka, si mweupe kama mizoga, bali wa rangi ya shaba iliyosuguliwa. Kisha likaja jicho, kubwa kama sahani, jeusi, likatulia likitazama juu.

Mkono wa Chinatsu ulinyanyuka wenyewe kuelekea swichi ya taa kubwa, ili amwone vizuri zaidi. Hamasaki aliuona na hakuuzuia. Mkono ulisita hewani, ukarudi chini. Ngisi akakikumbatia chambo, akakaa nacho, kamera zikamnasa tangu ncha ya mnyiri hadi mkia. Chinatsu alikuwa akilia bila sauti, machozi yakidondoka kwenye kioo.

Walipofika juu, mabaharia waliwazunguka wakiuliza nani amemwona kwanza.

"Mwalimu Hamasaki," alijibu Chinatsu. "Alimwona zamani. Sisi ndio tuliokuwa tumefumba macho."

Gatini Yasue alikuwa akiwasubiri. Alimpita mumewe kwanza, akamtazama Chinatsu miguuni. "Magoti yamekuchubuka, Daktari. Twende nyumbani nikupake dawa." Chinatsu akamfuata. Nyumbani alikaa sakafuni na kikombe cha chai mkononi, akainywa ingali moto mpaka ikaisha, huku Hamasaki akiwasimulia wanafunzi habari za lile jicho. Wakati huo ndipo alipoelewa kwamba macho mazuri na taa kali havimtoshi mtu, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.