Kiti cha Viboko

Paukwa!

Pakawa!

Aka! Mbona mnaitikia kama mliolala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walipigana hata wakachoka. Wakapatana: kila ukoo mkubwa upewe kiti chake, yaani mahali pake pa kutawala. Tembo wakapewa njia. Nyati wakapewa malisho. Viboko wakapewa bwawa na tope lake. Asiye wa ukoo huo, asiguse! Paa walikuwa wachache, hawakupata kitu. Lakini vita viliisha, ngoma zikachezwa hadi vumbi likapanda. Nami siwalaumu. Amani tamu, jamani.

Ukaja ukame. Viboko wakahamia mto wa mbali. Kiti chao kikabaki kitupu, na hakuna aliyethubutu kukikalia.

Siku moja mtoto wa Paa akashuka kunywa maji. Chubwi! Tope likamshika miguu. Didimi, didimi.

"Mama!"

Paa akamkimbilia Tembo. "Baba Tembo, nakuomba, nyoosha mkonga umtoe mwanangu!"

Tembo akatazama huku, akatazama kule. "Mkonga ninao, mama. Kiti sina. Nikigusa tope, watasema Tembo tumenyang'anya kiti cha Viboko. Vita vitarudi."

"Viboko wenyewe hawapo!"

"Kiti chao kipo."

Paa akapiga yowe. Wanyama wakaja mbio. Mnadhani walitazama topeni? Thubutu! Wakaketi kikao.

"Kiti tukishike sisi mpaka Viboko warudi," wakasema Nyati.

"Ninyi tena? Na malisho mnayo!" wakasema Punda Milia.

Huku didimi, didimi. Tope likafika kifuani. Likafika shingoni.

"Mama, wanasema nini?"

"Wanakuja, mwanangu. Wanakuja."

Tembo akashindwa kuvumilia. Akaingia topeni, akanyoosha mkonga, akavuta. Hakuna hata mmoja aliyemzuia. Hakuna! Akamlaza mtoto ukingoni, lakini mtoto alikuwa hapumui tena.

"Laiti ningeingia mapema," Tembo akalia. Majuto ni mjukuu.

Paa akamlamba mwanawe tope la usoni. Akasema, "Tope halikumwuliza ukoo wake."

Basi, wadogo kwa wakubwa, sikieni. Kugawana viti kwa koo huzima vita. Lakini mwenzio akizama, mkono ulio karibu ndio wenye kazi, uwe wa ukoo wowote.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa tope. Natamani ingeishia kwingine.