Malaika wa Drumkeel

Kiganja kilichopakwa asali hulambwa hata na asiye na njaa. Kilicho kikavu hupitwa tu. Wahenga walikusudia hivyo waliposema kuwa mkono mtupu haulambwi: hakuna atumikaye daima pasipo kupata. Attracta Gilhooly, wa mji mdogo wa Drumkeel katika kaunti ya Leitrim, aliikataa kweli hiyo kwa miaka mingi, mpaka ikamkaba koo.

Attracta alikuwa mhudumu katika nyumba ya shirika la hisani lililowatunza watu wenye ulemavu. Fedha za shirika zilitoka serikalini, lakini wahudumu wake hawakuhesabiwa kuwa watumishi wa serikali. Kwa hiyo dada yake, Dympna, aliyefanya kazi ile ile katika hospitali ya serikali ng'ambo ya daraja, alipata mshahara mnono, naye Attracta akabaki kuungaunga.

Kila Krismasi mkurugenzi, Cathal Tiernan, aliwaletea keki iliyoandikwa "Asanteni, malaika wetu."

"Malaika wana bahati," alinong'ona Noreen, mhudumu mwenzake. "Hawalipi mkopo wa nyumba."

Mwaka ulipogeuka, Noreen akahamia hospitalini. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, kama mtama uvujao guniani. Cathal alitangaza nafasi zao na kuwabembeleza warudi, lakini hakuja mtu. Attracta alibaki kwa sababu ya Fintan, mwanamume wa makamo aliyeishi pale. Mtindio wa ubongo ulikuwa umeifunga miguu yake na kuutia ulimi wake uzito, lakini akili yake ilikuwa kali kama wembe. Jumapili walikwenda pamoja kutazama mpira wa kaunti, wakarudi wamekauka sauti kwa kumzomea refa. Wahudumu walipopungua, mpira ukafutwa. Kisha hata kuoga kukawa kwa zamu.

Wahudumu waliosalia wakagoma. Walisimama langoni kwenye mvua, mabango mikononi, na Fintan akataka kiti chake cha magurudumu kisukumwe hadi pale. Ofisa mmoja wa serikali akashuka garini.

"Kazi yenu ni wito," alisema. "Haipimwi kwa fedha. Malipo yenu ni upendo wa watu hawa."

Fintan aliyapanga maneno yake polepole, na hakuna aliyemharakisha.

"Bwana, wananipenda, nami nawapenda. Lakini mimi siliwi."

Watu wakaangua kicheko. Ofisa naye akatabasamu, akaahidi, akaondoka. Ahadi yake iliyeyuka kama theluji ya Aprili.

Benki ilipoanza kumtishia Attracta kuichukua nyumba aliyoishi na watoto wake, aliomba kazi hospitalini, akaipata. Asubuhi iliyofuata alimpelekea Fintan kifungua kinywa.

"Umepata ile kazi," Fintan alisema.

"Nani kakwambia?"

"Mayai mawili na soseji, siku ya Jumanne? Hii ni karamu ya kuagana."

Attracta akabubujikwa na machozi. "Nikiondoka wataifunga nyumba hii, Fintan."

"Usinifanye kufuli, dada. Nenda."

Cathal alimpokea kwa uso wa msiba. "Miaka yote hii, leo unatuacha kwa ajili ya pesa?"

"Ningekuwa nataka pesa tu, Cathal, ningeondoka zamani. Naondoka kwa sababu watoto wangu watalala nje."

Nyumba ikafungwa. Fintan akapelekwa katika nyumba ya wazee, akakaa miongoni mwa watu waliosinzia mbele ya televisheni kutwa nzima. Attracta alimtembelea kila alipopata nafasi, na kila mara alimkuta amezidi kunyamaza.

Migomo ikaendelea katika miji mingine hadi serikali ikaridhia nyongeza. Cathal akatangaza nafasi za kazi, na safari hii waombaji wakaja. Nyumba ikafunguliwa, Fintan akarudi amekonda, maneno yake yakiwa mazito kuliko zamani. Attracta hakurudi, kwani alikwisha kuzoea kulala bila hofu. Noreen alirudi.

"Mbona nilipowabembeleza hamkuja?" Cathal alimuuliza.

"Ulitubembeleza vizuri sana," Noreen alijibu huku akivaa aproni. "Ila ulikuja na sifa tupu."

Ndivyo walivyosema wahenga: mkono mtupu haulambwi.