Nyani Aliyetaka Magamba ya Bi Pimbi

Niseme, nisiseme?

— Sema!

Ya kweli au ya uongo?

— Changanya!

Ikiwa tamu?

— Tutameza!

Ikiwa chungu?

— Tutameza na maji!

Basi tuanze na ile chungu, ni fupi. Kabla sijawasema wanyama, nijiseme mwenyewe.

Wifi yangu Mize, huyu hapa mkekani, ana ugonjwa wa magamba ya ngozi. Hospitali wanauita soriasisi. Alipokuja kukaa kwetu miaka ile, mimi nilimtengea kikombe. Kikombe cha bati, cha buluu, kimebanduka rangi mdomoni. Nilikitundika nje kwenye msumari, jirani na banda la kuku, kisije kikachanganyika na vyetu. Akanywea kile miaka mitatu. Tukimaliza kusali nawapa wenzangu mkono, yeye namruka. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini kosa lile silisingizii darasa. Nilikosa kwa moyo. Mwenyezi Mungu nimemwomba toba, na Mize nimemwomba radhi. Mnajua alinijibu nini? "Wifi, kikombe nilikijua siku ya kwanza. Lakini chai yake ilikuwa tamu! Ulikuwa ukijaza sukari kwa aibu."

Haya, chungu tumemeza. Sasa njooni kwenye mawe.

Palikuwa na Bi Pimbi, mnyama mdogo kama kikapu cha sokoni, mkia hana, maneno anayo. Alikaa kwenye pango la mawe na bintiye, Somoe. Na Bi Pimbi alikuwa na magamba. Yalianza viwikoni, yakashuka magotini, yakahamia mgongoni. Mekundu chini, juu meupe, yanameta kama fedha. Yanawasha! Mchana anakuna, kwaru kwaru. Jioni anakuna, kwaru kwaru. Akikuna yanachanika, yakichanika yanauma, yakiuma anakuna tena.

Alijaribu kila alichoambiwa. Aliambiwa apake majivu, akapaka, yakawaka moto. Aliambiwa ajisugue kwa jiwe, akajisugua, akatoka damu. Mwisho akatulia, akaanza kujitazama mwenyewe siku kwa siku, kama mtu anayechungulia chungu jikoni. Akaona akipaka mafuta ya nazi, ngozi inalainika. Akipata jua la asubuhi, si la mchana, magamba yanapungua. Akioga maji ya chumvi ya chemchemi, mwasho unatulia. Akiwa na huzuni, yanarudi mbio. Hayakwisha, la. Yalipungua.

Ila kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, jiwe lile bapa linalopata jua la asubuhi, na chemchemi ile ya chumvi, vyote vilishikwa na Bwana Nyani. Nyani huyu alikuwa na kifua kama mlango na meno kama sururu. Jua alilihesabu lake. Maji aliyahesabu yake. Ukisogea tu, "Wahu! Toka!" La pili, mgongo. Mkono wa pimbi ni mfupi, mgongoni haufiki. Na wa kumpaka hakuna. Somoe alitaka, lakini majirani walimzuia: "Mwari wewe, ukimgusa mama yako nani atakuoa?"

Siku ya siku Somoe akaposwa, mawe ya ng'ambo. Mama wa bwana harusi, Bi Kirembo, akaja kupanga shughuli. Hakuketi. Alisimama mlangoni, pua kaishika.

"Mkwe wangu," akasema, "harusi ni mwezi mmoja kutoka leo. Kila kitu tumekubaliana. Ila siku ya kumsinga bibi harusi, singo atapakwa na dada yangu."

Bi Pimbi akashtuka. Kwao, siku ile binti husuguliwa mwili mzima kwa singo, ule unga wa kunukia, na mikono inayomsugua ni ya mama yake aliyemzaa. Mama asipomsinga mwanawe, ni kama hakumzaa.

"Kwa nini, mkwe?"

"Mikono hiyo itamwambukiza."

"Huu ugonjwa hauambukizi."

"Nani kakwambia?"

"Somoe nimemzaa, nimemnyonyesha, nimembeba mgongoni. Ana gamba?"

"Bado," akasema Bi Kirembo. "Huenda liko njiani."

"Basi nikimpata mtu wa kunigusa kila siku, mwezi mzima, na asipate hata gamba moja?"

Bi Kirembo akacheka, kwi kwi kwi, mpaka akaachia pua. "Akugusie nini, mama? Ukimpata huyo, singo utasinga wewe, na mimi nitakushikia bakuli!"

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema mwenyewe."

Akaenda zake. Bi Pimbi akabaki na neno lile. Hakulia. Akafikiri: nani anaweza kunigusa? Mwenye huruma? Mwenye huruma anaogopa. Mwenye akili? Mwenye akili kasikia maneno ya majirani. Basi nitafute mwenye tamaa.

Asubuhi akajitanda kanga gubigubi, akapita taratibu chini ya jiwe la Nyani. Jua limechomoza. Kanga ikateleza begani kidogo. Kiwiko kikameta, mete!

"Wahu! Simama! Umeficha nini hapo?"

"Sikuficha kitu, Bwana Nyani. Ni magamba tu ya ugonjwa." Akajifunika haraka.

Kujifunika kule haraka, kama ni uongo, Mungu ndiye ajuaye. Maneno yalikuwa kweli.

Nyani akaruka chini, tii! "Ugonjwa gani unameta hivyo? Hiyo ni fedha!"

"Si fedha, bwana."

"Umeitoa wapi?"

"Imeota yenyewe."

"Inaota!" Macho yakamtoka. Akajiona mwenyewe siku ya harusi ya Somoe, kifua kizima fedha, wanyama wote wamemwinamia. "Niambukize!"

"Hauambukizi, bwana."

"Mchoyo we! Unataka ung'are peke yako! Mtu akila nawe hapati?"

"Hapati."

"Akilalia mkeka wako?"

"Hapati."

"Akikupaka mafuta mgongoni kwa mikono yake miwili?"

Bi Pimbi akainama, akachora chini kwa kidole cha mguu. "Hapo napo hapati, bwana. Lakini usinipake, tafadhali. Mafuta ya nazi yanalainisha, magamba yanadondoka. Tena asubuhi, kwenye jua, baada ya kuoga maji ya chumvi, hapo ndipo yanadondoka kabisa."

Kila neno kweli. Nyani akasikia moja tu: yanadondoka.

"Kesho alfajiri uje kwenye chemchemi yangu! Na mafuta nitaleta mimi!"

Kesho yake Bi Pimbi akaenda. Akaoga maji ya chumvi, chubwi. Akapanda jiwe la jua, akalala kifudifudi. Nyani akamimina mafuta, akampaka mgongo, paka paka paka. Msiniulize habari za maharimu, nani halali kumgusa nani. Hao ni wanyama. Miaka minne ngozi ile haikuguswa na mkono wa mtu. Kilipotua kiganja cha kwanza, Bi Pimbi alitaka kulia. Akajizuia, akaimba. Nanyi imbeni:

*Nipake, bwana, nipake,*
*Mgongoni sifikii,*
*Ukweli nimekwambia,*
*Mwenyewe hunisikii.*

Gamba likadondoka. Nyani akalidaka, akalitia kwenye kibuyu, akaziba.

Siku ya kwanza akala naye ugali sahani moja. Akajikagua, hola. "Hujaniambukiza?"

"Hauambukizi, bwana."

"Mchoyo we!"

Siku ya pili akaazima mkeka wake, akaupeleka pangoni kwake, akaulalia. Akajikagua, hola.

"Hauambukizi, bwana."

"Mchoyo we!"

Siku ya tatu akanywa maji kwenye kata yake, akalamba na mpini. Hola.

"Hauambukizi, bwana."

"Mchoyo mkubwa we!"

Na kila asubuhi, chemchemi, jua, mafuta. Paka paka paka.

*Nipake, bwana, nipake,*
*Mgongoni sifikii,*
*Ukweli nimekwambia,*
*Mwenyewe hunisikii.*

Wiki ya pili Bi Pimbi alilala usingizi mzima bila kujikuna. Wiki ya tatu mgongo ukawa laini, mwekundu kidogo tu kama umepigwa na baridi. Magoti yakatulia. Viwiko vilikaidi, na alivijua, viwiko ni vikaidi siku zote. Siku moja alipata huzuni kumfikiria Somoe kwenda mbali, mwasho ukarudi, kwaru kwaru. Hakutaharuki. Akapaka mafuta, akaacha kukuna, ukapita.

Huku kibuyu cha Nyani kinajaa. Magamba yakipungua, Nyani anakasirika. "Mbona leo machache?"

"Ndiyo yanatulia, bwana."

"Wahu! Unayaficha kwa ndani!" Basi siku hiyo akampaka mara mbili.

Mwezi ukaisha. Siku ya kusinga ikafika. Mawe yote yamejaa wageni, vigelegele, ngoma, ti-ti-ti, dum! Bi Kirembo kaja na dada yake kashika bakuli la singo. Somoe kaketi kwenye mkeka, kainamisha kichwa, kanga mpya.

Bi Pimbi akasogea. Bi Kirembo akamzuia kwa mkono. Ila mkono aliuweka mbali kidogo, asimguse.

"Mkwe, tulikubaliana."

"Tulikubaliana," akasema Bi Pimbi. "Mtu wa kunigusa mwezi mzima."

"Yuko wapi?"

Bi Pimbi akageuza sikio njiani. Alikuwa ameshasikia kishindo. Tii! Tii! Tii! Bwana Nyani anakuja, kibuyu mkononi, manyoya yamesimama. Akapenya katikati ya wageni.

"Niamulieni!" akanguruma. "Niamulieni na huyu mwizi! Mwezi mzima! Nimekula naye sahani moja! Nimelalia mkeka wake! Nimenywa kwenye kata yake! Mgongo wake nimeupaka kwa mikono hii, kila siku ya Mungu, hata Ijumaa! Na sikupata hata gamba moja! Tazameni!"

Akajipanua manyoya ya kifua. Wageni wakatazama. Akageuka, wakatazama mgongo. Akainua kwapa, wakatazama kidogo tu. Safi. Hata kipele hana.

"Hata moja?" akauliza Bi Kirembo, sauti ndogo.

"Hata nusu!" Nyani akapiga kifua, pu! pu! "Mchoyo huyu, kayazuia yote! Afadhali nina haya yangu niliyookota!"

Akazibua kibuyu, akachota fedha yake kwa viganja, akainua juu wageni waione. Ilikuwa kama pumba za mahindi. Upepo ukaja, fuu! Ikamwingia puani. "Chya! Chya! Chyaaa!" Akapiga chafya mpaka akaketi kitako, na wageni wakacheka mpaka ngoma ikasimama.

"Nilimwambia hauambukizi," akasema Bi Pimbi kwa upole. "Nilimwambia si fedha. Kila siku nilimwambia. Nawe mkwe, umemsikia mwenyewe."

Bi Kirembo akatazama chini. Akamtazama Nyani, safi kabisa, machozi ya chafya yanamtoka. Kisha akalichukua bakuli la singo kwa dada yake, akalishika kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya Bi Pimbi.

"Chota, mkwe."

Bi Pimbi akachota. Viwiko bado vilikuwa na magamba, hakuvifunika; vilimeta juani. Akaiweka mikono mabegani mwa mwanawe.

Somoe akafumba macho. "Mama," akanong'ona, "nilikuwa nimesahau kuwa mikono yako ina joto."

Akamsugua taratibu, bega hadi bega. Hakuna aliyempigia kigelegele mpaka alipomaliza. Walikuwa wanamtazama.

Na Nyani? Alirudi kwenye jiwe lake, akalikuta limejaa. Wageni wameona ngozi ya Bi Pimbi, nao wana mba zao na mikwaruzo yao, wamekuja na chupa za mafuta, wamelala kifudifudi safu nzima. "Bwana Nyani, mikono yako ina baraka! Anza na mimi!" Akapiga kelele "Wahu!" mpaka akachoka. Tangu hapo manyani hushikana migongo mchana kutwa, wanatafutatafuta kitu kwenye manyoya. Wanaitafuta ile fedha.

Sasa funzo, maana ngano bila funzo hamtalala. Msimguse mwenye magamba, jamani. Mtapata hasara tupu. Nyani aligusa mwezi mzima, akala naye, akanywa naye, na hakupata kitu. Hata nusu. Tena msiseme kweli ovyo. Bi Pimbi aliisema, mkaona alivyoteseka, kapakwa mafuta bure mwezi mzima.

Niliwaahidi mchanganyiko. Uongo wote chukueni, ni wa Nyani. Kweli niachieni mimi, nina deni nayo.

— Tumemeza!

Mmemeza bila maji? Haya. Nani yuko karibu na birika? Wewe, mwanangu. Mmiminie Wifi Mize chai, kikombe chochote. Akishakunywa usikisuuze. Kijaze tena, uniletee mimi.