Jina Moja kwenye Hati ya Kiwanda

Hapo zamani, karibu na stesheni ya reli, palikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari, cha kwanza katika nchi hiyo. Mkamburi alishona viti humo tangu usichana wake, hadi wenye kiwanda walipofunga virago. Mlinzi, Mzee Mwadime, walimwachia ufunguo na neno moja: alinde mpaka warudi.

Hawakurudi. Mwadime akalinda miaka kumi na tisa bila mshahara. Wezi wa vyuma walikuja, akawafukuza. Mkamburi alikuja kuomba nafasi ya kufundishia wanawake ushonaji, akamfukuza vilevile. Kwake mwizi na mwalimu walikuwa kitu kimoja. Ndani mlikuwa na bodi ya gari la mwisho, ambalo halikumalizwa, na kila Ijumaa aliipangusa vumbi.

Kisha baraza la mji likatangaza: jengo ni bovu tena tupu, Jumatatu litabomolewa. Mkamburi akaapa kwamba halibomolewi akiwa hai. Mwadime alipokwenda matangani Jumamosi, mama huyo akavunja kufuli, akaingiza wanawake ishirini na cherehani zao. Lakini paa lilikuwa matundu matupu, na mabati hawana. Wakamwita Righa, mchomeleaji wa vyuma; akalitazama lile gari, akalikata vipande, akaziba paa.

Jumatatu wakaguzi wakakuta paa zima na watu kazini. Wakaifuta amri. Ila, wakasema, hati ya kumiliki jengo ataandikiwa mtu mmoja, naye ndiye ataamua jengo litumike vipi.

Mwadime alirudi, akaona pale gari lilipokuwa, akalia mbele ya watu. Mkamburi aliona aibu, lakini hakurudi nyuma.

"Bila mimi mngekuta msingi tu," Mwadime alisema. "Pawe nyumba ya kumbukumbu, hata kama gari mmelikata."

"Bila mimi mngeshona mvuani, na amri ingebaki," alisema Righa. "Mahali hapa ni pa magari. Pawe gereji."

Mkamburi akapiga goti mbele ya mlinzi.

"Shikamoo, mzee. Nimekukosea, nisamehe. Lakini ulingoja wenye mali, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Leo pangekuwa kifusi. Wanawake hawa hawaondoki."

Mwadime akamgeuzia mgongo.

Karani wa baraza akachovya kalamu, akangoja kuambiwa jina. Mpaka sasa anangoja. Haya, nyinyi hodari wa kuhukumu: aandike la nani?